Mwanagenzi Akata Rufaa

Barua ilikuwa mistari miwili
na muhuri uliokaa upogo:
Kibali cha mkufunzi mwanagenzi, ombi la pili, limekataliwa.
Miezi sita ilikutosha.

Ilinitosha nini?
Miwili, gari la Bwana Shekue lililala gereji Bondeni,
giaboksi ndani ya beseni, bolti kwenye kopo la samli.
Mmoja na nusu nilikesha Makadara, wadi ya wanawake,
nikimgeuza mamangu ubavu huu, ubavu ule,
taratibu,
kama mtu arudishaye gari kinyumenyume uchochoroni Kibokoni
akivichunga vioo vyote viwili.
Hayo nayo ni masaa.
Hakuna daftari lililoyaandika.

Siku kumi na nne za kukata rufaa.
Nilikata kwa kalamu ya kuazima
juu ya ubao wa mji mdogo, pale shuleni kwetu Ganjoni,
ule wenye barabara za rangi ya mafuta
na kigari cha plastiki kilichopoteza gurudumu.
Niliandika: Mimi, Nyevu Mwadzaya.
Nikaandika "naomba", nikafuta, nikaandika "nadai",
nikafuta "nadai",
karatasi ikatoboka pale pale kwenye mzunguko.

Orofa ya tatu. Lifti mbovu.
Watu watatu, feni moja, na feni iliwaelekea wao.
Yule wa katikati akaniuliza, bila ubaya:
"Wewe hasa, unafundisha nini?"
Nikasema alama. Nikasema vioo. Nikasema gia.
Akaandika neno moja fupi.

Jibu lilinijia ngazini, kama kawaida ya majibu:
Namfundisha mtu kuiambia hofu
ihamie kiti cha nyuma, ifunge mkanda, inyamaze.
Nilisimama. Nirudi?
Simu ikalia.

Bi Zamzam, mpika mahamri wa Sparki,
miaka hamsini na mmoja, somo la tisa kabla ya barua.
"Mwalimu, limezimika! Mlimani, hapa darajani Nyali!
Na huyu mpwa wangu mwenye leseni kazi yake kufoka!"
Nyuma yake honi, honi, honi.

"Bi Zamzam, mimi si mwalimu. Nimekatazwa kwa maandishi.
Lakini, paukwa?"
Kimya. Honi. Halafu, sauti ndogo:
"Pakawa."

"Paliondokea mama mmoja, simjui, hata jina sina.
Kwanza alivuta hendibreki, akapumua.
Honi zilimtukana, hakuzijibu;
honi haina ufunguo wa gari la mtu.
Akaikanyaga klachi mpaka chini, akawasha, akatia gia ya kwanza.
Akaipa mafuta kidogo, kama chumvi.
Kisha klachi akaiachia polepole,
polepole kuliko hivyo,
kama anayechomoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala."

"Kisha?"

"Kisha gari likainua pua, kama paka aliyesikia samaki.
Hapo ndipo aliposhusha hendibreki."

"Kisha?"

"Kisha mimi sijui. Hadithi imefika mikononi mwako."

Nilisikia injini ikiguna, ikikohoa, ikikubali.
Nilisikia mpwa akikosa la kusema.
Halafu upepo, upepo mtupu wa gari linalokwenda,
na Bi Zamzam akicheka huku akiwa bado anaogopa.

Nilipogeuka, mmoja wa wale watatu,
mama mwenye miwani ya kamba,
alikuwa amesimama vidato viwili juu yangu na faili kwapani.
Tangu lini, sikujua.
Alinitazama. Akatazama saa.
"Nipishe, mwanangu," akasema,
akapita, mkanda wa kiatu kimoja ukiburura.

Uamuzi, wameniambia, siku ishirini na moja.
Nimeshazihesabu tisa.
Kila jioni nakitia kile kigari gurudumu la kizibo,
nakipandisha daraja la rangi,
na hakijazimika bado.