Herufi Zilizonitoroka

Ya kwanza kuondoka ilikuwa S.
Haikuaga. Jumanne ya Julai, ukungu umelalia misindano,
Enesia aliniambia "sita", mimi nikapita.
Nikampita na ndoo yake, nikampita na hasira yake,
nikafika uani ndipo nikajiuliza: napita kwenda wapi?

Ikafuata F. Kisha SH,
ikazifuata wenzake kama kibarua asiyelipwa wiki ya tatu.
Zikabaki zile nzito, B na M na G,
herufi za buti,
zinazosikika zikikanyaga hata kwenye sikio bovu.

Sisi wa Mafinga mashine ile tunaiita dingidongi.
Jina la kengele, utadhani inaita watu ibadani.
Miaka kumi na tisa nimeilisha magogo
na siku moja haijasema ding, wala dong.
Inasema YAAAA,
nguruwe anayechinjwa na hafi
tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa,
na usiku inahamia kichwani mwangu,
inakuwa nyenje mmoja mwembamba asiyejua kulala.

Tulijaza pamba. Wengine sponji la godoro.
Chengula, msimamizi, alisema mwanaume huzoea.
Kweli nilizoea.
Kuzoea ndio uziwi wenyewe:
umeingia kwa mlango wa uani, umevua viatu.

Kilabuni wakanisema: sikio la kufa halisikii dawa.
Nawajibu hapa, nyie mnaoweza kusikia:
langu halikufa. Liliuawa kwa zamu,
na muuaji alinilipa kila Jumamosi.

Kisha wakamleta Lameki, mtoto wa Kihwele,
miaka ishirini, masikio yamesimama kama ya sungura.
Nikampa vikinga vyangu, vile vikubwa vyekundu
nilivyonunua Iringa mjini mwaka ambao nilikuwa nimeshachelewa.
Akacheka. "Baba, mimi si rubani."
(Niliisoma midomoni.)
Nikamsimamisha umbali wa mkono wangu, mashine ikipasua,
nikamwita jina la marehemu babu yake
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.
"Eeh?"
Nikarudia.
"Eeh?"
Nikamvuta hadi nyuma ya rundo la mbao.
"Umeona? Pale tulikuwa viziwi sawasawa, mimi na wewe.
Tofauti, wewe ukifika nyumbani utapona.
Leo utapona. Na kesho. Siku ambayo hutapona
haina alama kwenye kalenda."
Akavivaa. Kwa kisirani, lakini akavivaa.

Jioni nilimfuata Chengula, msumeno butu begani.
Huu ukinolewa haulii hivi, nikamwambia.
Na injini ijengewe ukuta wa mabanzi,
si mabanzi tunayachoma bure kila siku?
Alijibu kitu chenye S nyingi.
Wiki iliyofuata nilikuta ukuta umefika magotini.
Mpaka leo uko magotini.

Msimu wa ulanzi ulipofungua nilikwenda na Lameki mianzini.
Zamani sikuhitaji kuchungulia mbeta.
Tone la kwanza hulia "ti" ndani ya utupu,
baadaye "tu", na ikikaribia kujaa
linatua bila neno, kama mgeni aliyezoeleka.
Siku hizi naweka kidole mdomoni mwa mbeta
nangoja kupigwa.

Yule kijana alikuwa hatua kumi nyuma yangu,
vikinga vyekundu vinaning'inia shingoni,
anatafuna kitu, hana habari.
Ghafla akaacha kutafuna. Akainua mkono.
"Hilo," akasema,
na midomo yake ilikuwa haijafumba bado
nilipolipata kidoleni:
dogo, la baridi.