Nikuletee Nini

Shekuwe amepiga simu kutoka Mombasa:
"Mama, kesho naja. Nikuletee nini?"

Nami nimesimama jikoni, hapa Langoni,
nyayo zimeshibana na sakafu baridi,
nakwangua matandu ya wali wa nazi
kabla Mwanaidi hajatoka chuoni
akaja kudai haki yake.

Nje, punda wa Famau ameziba kichochoro.
Mbele hataki, nyuma hataki,
na wanaume watatu wanambembeleza kama mkwe.

Asumini ndani ya leso mbichi bado zimefumba.
Bi Maamuni amerudisha sahani yangu,
na haikurudi tupu:
ndimu tatu, pilipili ya kusaga,
na umbea kidogo, bado wa moto.

"Mama? Wanisikia?"

Nasikia. Nafikiria
ni duka gani huko linalouza kivuli
cha ukuta wetu saa kumi alasiri,
na kama hukipima kwa mita
au kwa ratili.

"Sitaki kitu, mwanangu.
Ila lile bakuli langu la buluu
ulilobebea visheti mwezi wa Rajabu,
hilo lirudi.
Na lisirudi tupu."