Ripoti Namba 412

Theluji ya Sapporo haina kelele,
huanguka kama mtu afutaye ubao darasa likishatoka.
Februari ile, wodi ya ghorofa ya saba,
Bi Kuramochi alitupokea ameketi,
kofia ya sufu imefunika kichwa kisicho na nywele,
na mapajani, mahali pa bakuli la uji,
kidhibiti cha mchezo.

"Mmechelewa dakika nne."
Tulikuwa watatu: mimi, Hatanaka wa sauti,
na kijana Ogiwara, ameshika maua hajui pa kuyaweka.
"Yatie kwenye ndoo. Washa skrini."

Daktari alikuwa amemhesabia majuma.
Yeye akayahesabu upya kwa kalenda ya kazi:
juma la kwanza, daraja;
la pili, muziki wa mwisho;
la tatu aliliacha tupu,
"hilo ni la dharura," akasema, akacheka
hadi mpira wa dripu ukatikisika.

Mkono ulimtetemeka. Dawa ilikuwa imefika ncha za vidole.
Kidole gumba kilipapasa kitufe
kama mgeni atafutaye swichi usiku katika nyumba ya watu.
Akaanguka darajani. Akaanguka tena.
Mara ya kumi na moja Ogiwara akanong'ona:
"Tukurahisishie, Bi?"

Akamgeukia kwa macho yaleyale yaliyokataa bajeti zetu.
"Usinirahisishie mimi. Rahisisha daraja.
Yupo mtoto mahali mwenye mkono kama huu.
Yupo mzee aliyepooza upande.
Miaka ishirini na sita nilikuwa mzima,
nikajenga madaraja ya wazima.
Sasa nimepata kipimo.
Kitumieni kabla hakijaharibika."

Tukaandika. Tukapanua ubao mmoja, kisha wa pili.
Alivuka saa kumi na moja jioni,
hakushangilia, akaomba maji.

Lakini nisiseme uongo, si yote niliyoyapenda.
Koridoni nilimkuta binti yake, Michiru,
ameegemea mashine ya kahawa ya makopo,
chakula kimepoa ndani ya kitambaa alichokifunga mwenyewe.
Akaniuliza, bila hasira, na hilo ndilo lililouma:
"Leo mtaniachia saa ngapi?"
Nikamwambia, bado nusu saa.
Tulikaa saa mbili.

Husemwa kazi mbaya si mchezo mwema.
Kwetu mchezo ndio uliokuwa kazi,
na hadi leo sijui ulikuwa mwema kwa nani.

Machi hakuweza tena kuketi.
Zikabaki ripoti, zikiingia usiku wa manane,
fupi, bila salamu:
*Maji ya pangoni yana rangi ya hospitali. Badilisheni.*
*Mbweha asife hapa. Amechoka tu.*
*Hatanaka, ile filimbi. Punguza huzuni, tumeshaelewa.*

Ya mwisho, saa kumi alfajiri, namba 412:
*Mlango wa mwisho unafunga mapema mno.
Mchezaji akigeuka kutazama alikotoka, umeshafungwa.
Ongezeni muda.*

Muda gani, hakusema.

Baada ya uvumba na nguo nyeusi
tulibishana siku mbili juu ya sekunde.
Tatu, alisema Hatanaka. Tano, nikasema.
Ogiwara alinyamaza, jicho kwenye kiti kile.

Mei Michiru alikuja kuchukua vitu vya mama yake:
kikombe, shali, kalamu zisizoandika.
Tukamwomba acheze kidogo.
Alifika mlangoni, akageuka,
akasimama anatazama bonde, daraja, mbweha amelala.
Hakuna aliyeshika saa.
Chai ilipoa.

Jioni ile Ogiwara alifuta namba zote,
mlango ukaachwa usubiri
hadi mchezaji aupe kisogo bonde mwenyewe.

Ripoti 412 bado i wazi.
Kila Jumatatu mfumo hutukumbusha kuifunga.
Nasi tunabonyeza: *baadaye*.