Tundu la Chini

Juni, Sakina. Baridi inakata kama wembe mpya.
Mlima Meru umejifunika gubigubi, hautaki kuonwa.
Bi Nakiete ameegesha nyumba yake uani kwangu:
Kosta ya zamani iliyong'olewa viti,
sasa ina kitanda, sinki, kabati la mninga
na jiko la gesi la pleti mbili.
"Fundi, feni yangu inaimba tu, haifanyi kazi."

Naingia. Kweli, inaimba.
Dari inatoka jasho. Pazia linanuka dagaa wa Jumanne
na leo ni Ijumaa.
Godoro, nikilibonyeza pembeni, limepoa na kulowa
kama mkate uliosahauliwa mfukoni.
Nafungua kichujio: mafuta yameganda, rangi ya asali,
na nzi wawili ndani yake, wametulia kama wafalme.

Nikamcheka aliyeifunga
(hakuwapo, ndiyo maana nilimcheka).
Bomba lake la plastiki limekunjwa mara tatu,
utumbo wa mbuzi kabla ya supu;
moshi gani una subira ya kupita humo?

Nikang'oa lote.
Nikanunua bomba la bati, inchi tano,
nikalinyoosha moja kwa moja hadi paani,
grenda ikalia, cheche zikanirukia soksi,
nikaweka kofia ya kuzuia mvua,
silikoni nikaipaka kwa kidole
taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.
Feni mpya, volti kumi na mbili, mapanga mapana.
Waya mwekundu, waya mweusi, fyuzi. Swichi.
Ikanguruma. Nikakunja mikono kifuani, nikingoja sifa.

Bi Nakiete akakaanga vitunguu.
Mvuke ukapanda, ukafika chini ya feni,
ukasita kama mgeni aliyekosea mlango,
ukageuka,
ukaenda kulala kitandani.

Usiku ule ugali ulinikaa kooni.
Binti yangu Eliaika alikuwa ananyonya juisi ya pakiti,
ananyonya, mashavu yameingia ndani,
pakiti nayo imebonyea, imegoma.
Akaitazama. Akachukua uma,
akaitoboa juu, kwenye kona, tundu dogo la kiroboto.
Juisi ikaja yenyewe.
Hakuniambia neno. Nami sikumwambia
kwamba amenifundisha kazi ya miaka kumi na tisa.

Alfajiri nikabandika kipande cha karatasi ya choo
kwenye wavu wa feni. Kikaanguka.
Nikafungua mlango wa Kosta. Nikabandika tena.
Kikashika, kikatetemeka, hakikubali kushuka.
"Bi Nakiete, madirisha yako haya?"
"Nimeyaziba kwa gundi tangu Machi. Vumbi. Baridi.
Na watu wa Babati, wanavyopenda kuchungulia!"
"Sasa feni ivute nini, mama?
Hewa haitoki pasipo nyingine kuingia."
Akanitazama kama mwizi aliyekuja na risiti.
"Nimekulipa unitolee moshi,
unataka kunitobolea na sakafu?"

Nikatoboa. Karibu na mlango, chini kabisa,
mbali na moto wa gesi usije ukayumba,
upana wa kiganja, na wavu wa kuzuia panya.

Vitunguu tena. Safari hii mvuke ulisimama wima,
ukapita katikati ya dari bila kubisha hodi.
Nje, kijana wa kuchomelea akaacha kazi, akavua miwani:
"Nani anapika?"
Hata mbwa wa jirani alikuja, akakaa.

Wakati wa kulipa akahesabu kwa sauti:
bomba, feni, silikoni, fyuzi.
Tundu la chini akalikataa.
"Tundu ni kitu gani? Pale hakuna kitu."
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Alikuwa ameshawasha injini,
na kofia yangu juu ya paa lake
ikiondoka na harufu ya vitunguu
hadi kwenye kona, hadi baada ya kona.