Itazame Nyonga

Jumamosi ya Julai, Fray Bentos. Baridi imegandisha nyasi,
zinavunjika chini ya njumu kama kashata.
Nimepanga viti sita vya mkahawa wa klabu
toka mstari wa pembeni hadi ndani ya boksi,
kila kiti nimekivika jezi kuukuu.
Hawa ndio mabeki wenu, nawaambia.
Hawakabi, hawasukumi, hawatukani mama wa mtu.
Usipompita kiti, utampita nani?

Yanela akaangusha vitatu.
Akaviinua kimoja kimoja, akaviomba radhi.

Njoo hapa, binti. Unatazama nini?
"Mpira."
Mpira uache, unakujua. Haupotei njia.
"Basi miguu yake."
Miguu ni mashahidi wa kununuliwa.
Macho nayo yana mdomo mrefu.
Itazame nyonga, Yanela. Nyonga haijasoma,
haijui kudanganya.
Ikielekea mtoni, wewe shika njia ya kiwandani.
Ikielekea kiwandani, mto wote ni wako.

Shangazi yangu alipepeta mchele kule Treinta y Tres
miaka ishirini na saba, mpaka vidole vikapinda.
Punje nzima gunia hili, chenga gunia lile.
Ndivyo hivyo, namwambia:
jivunje. Bega huku, jicho kule,
nusu hatua umrushie aitafune.
Mwache ameinama akiokota chenga,
na punje nzima, ambayo ni wewe, imeshapita.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtoto
anayemwitikia daktari wa meno.

Nikamwita Gaspar, mwana wa mwoka mikate,
miaka kumi na moja, kifua kama mlango wa ghala.
Mara ya kwanza, Yanela chini.
Mara ya pili, chini.
Ya tatu mpira ulipita, yeye akabaki.
Ya nne yeye alipita, mpira ukabaki.
Ya tano Gaspar mwenyewe akaniuliza, "Profe,
naomba nimwachie mara moja tu?"
Nikapuliza filimbi mpaka mbwa wa jirani wakajibu.
Asiachiwe! Mlango wa kuachiwa
kesho yake unakuta umefungwa.

(Goti langu la kushoto hutabiri mvua
tangu mwaka wa themanini na tano,
tulipocheza wanawake watupu nyuma ya stesheni ya reli,
bila refa, bila machela.
Nilimpita beki mmoja wa Mercedes mara mbili.
Ya tatu haikuhitajika. Niliitaka kwa raha tu.
Hili siwafundishi. Labda ningepaswa.)

Jumapili, dhidi ya wale wa Young. Dakika za mwisho.
Yanela kulia, mpira mguuni,
mbele yake beki mwenye nywele nyekundu, mrefu, msafi,
soksi zimevutwa mpaka magotini.
Nikapiga kelele: nyonga! nyonga!
Wazazi wakanigeukia.

Hakujivunja. Hakurusha bega wala jicho.
Aliukanyaga mpira, akasimama
kama mtu anayengoja chenji dukani.

Moja.
Mbili.
Beki akachoka kutofanya kitu. Akajitupa
kwenye chenga ambayo hakuna aliyeipiga,
na Yanela akapita kando yake taratibu,
karibu amwombe radhi.

Krosi ikapaa juu ya goli, juu ya uzio,
ikaiangusha chupa ya maji moto ya baba yake Gaspar.
Tulifungwa mbili bila.

Baadaye, akifungua kamba za viatu:
"Nyonga yake haikuelekea popote, profe.
Ilikuwa inangoja. Nami nikaingoja."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia afute matope.

Jioni nimerudisha viti mkahawani, vitano.
Cha sita nimekiacha uwanjani, jezi yake mgongoni,
nikaweka mpira chini ya goti hili bovu
nikasimama mbele yake, nikingoja.

Giza likaingia. Kiti hakikutikisika.
Kilikuwa na subira kunishinda.