Usiguse Hapa

Mwaka juzi, usiku, chumbani Isevya,
niliandika maneno mawili chini ya badiliko langu:
"Usiguse hapa."
Nikafunga kompyuta, nikalala kama aliyelipa madeni.

Leo nimepagusa mwenyewe.
Nusu sekunde ya kusubiri, katikati ya msimbo,
imekaa kama mgeni asiyeaga.
Onyo lisilo na sababu, hata mwandishi wake haliamini:
nikaifuta. Maelezo? "Usafi kidogo."

Adhuhuri Sizya anapiga simu kutoka Ipole.
Mizani ya ushirika imeparaganyika,
ndoo ya asali ya Nyanzala inasoma kilo mia mbili na ishirini,
wafugaji nyuki wanacheka,
karani hacheki.

Nikarudi nyuma, badiliko kwa badiliko,
kama anayefukua kapu la risiti.
"Rekebisho."
"Rekebisho tena."
"Sasa basi."
"Samahani, sasa ndiyo basi."
Yote yangu. Nilikuwa najinong'oneza mwenyewe,
na mwenyewe yule hayupo tena.

Chini kabisa nikamkuta Butoyi wa Gungu, Kigoma.
Sura yake sijawahi kuiona. Najua saa zake tu:
huandika saa tisa usiku,
na huweka nukta hata akiwa na hasira.

"Mizani ya Ipole ni kongwe. Betri ikishuka,
inasema kabla haijamaliza kupima.
Nimeiwekea nusu sekunde ivute pumzi.
Si uzembe wa msimbo.
Anayetaka kuiondoa, kwanza awanunulie mizani."

Nikacheka peke yangu, feni ikinguruma.
Hakuniandikia mimi. Msimbo wetu hauna mlango wala komeo;
hakujua atakayeingia ni nani, wa Tabora au wa ng'ambo,
mchovu, mwenye haraka, mwenye kiburi cha cheti.
Alijua tu kwamba ataingia.

Nimeirudisha nusu sekunde.
Kisha nikakaa mbele ya kile kisanduku kitupu
kinachouliza kila mara: umefanya nini, na kwa nini?
Nikaanza "Rekebi",
nikafuta.
Stesheni, treni ya Kigoma ikapiga honi.
Nikaandika polepole, kwa nukta:

"Nimerudisha subira ya Butoyi niliyoifuta asubuhi bila kusoma.
Kosa ni langu. Soma maelezo yake kwanza.
Ndoo ya Nyanzala ni kilo ishirini na mbili."