Kilo Mia Nne na Kumi na Mbili

Kilembe, ndani ya handaki la zamani la shaba,
tumelaza kipande cha mwisho cha barafu ya Rwenzori.
Kilo mia nne na kumi na mbili.
Ndivyo ilivyoandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu
mwaka niliozaliwa.

Kazi yangu nyepesi. Kila Jumamosi
navaa koti la manyoya, mlango unanitambua kiganja,
nasimama kando, Karani apime.
Karani si mtu. Ni mkono wa chuma na jicho moja,
na amri moja aliyopewa na waliomuunda:
kisibadilike.

"Kilo mia nne na kumi na mbili," husema.
Miaka kumi na mmoja, namba ileile,
nami natia sahihi: Kabugho.

Lakini macho yangu hayakupewa amri.
Pembe iliyokuwa kali kama panga
sasa ina umbo la goti la mtoto.
Na lile jani lililonaswa ndani,
jani dogo la mlimani, kijani bado,
leo limechomoza ncha hewani.

Usiku nikaazima mizani ya Ithungu, mnunuzi wa kahawa,
nikaisukuma kwa toroli hadi handakini.
Mia tatu na tisini na moja.

"Karani, umenidanganya."
Jicho likazunguka polepole.
"Niliamriwa kisibadilike.
Barafu haikunisikia.
Mizani ilinisikia."

Sijui kama mashine huona haya.
Aliinamisha mkono wake kidogo, basi.

Nikapapasa sakafu: kavu. Hakuna tone, hakuna ufa.
Kwenye baridi kali, akanieleza, barafu haiyeyuki,
huondoka tu, gramu kwa gramu, ikawa hewa,
kama harufu ya sabuni iliyofungiwa sandukuni.
"Imekwenda wapi?"
"Imeganda darini. Ukutani. Kwenye koti lako."

Koti langu!
Ninaloning'iniza jikoni kila Jumamosi
juu ya sufuria ya maharage,
nami nikigomba kwamba paa linavuja.
Thembo mwanangu amekinga ulimi chini yake, akicheka.
Mlima umepita kwenye bundu letu, kwenye chai,
ukatoka na maji ya kuoshea vyombo
hadi mto Nyamwamba, mla madaraja,
ambao hakuna aliyewahi kuuamuru ukamtii.

Jumatatu wakubwa wanakuja kutoka Kampala.
Nimeifuta rangi nyekundu kwa mafuta ya taa,
nikasugua mpaka vidole vikanuka.
Namba mpya nimeiandika kwa chaki,
maana itazeeka kabla chai yao haijapoa.

"Na amri yangu?" Karani akauliza.
Nikaufungua mkono wake wa baridi,
kidole kwa kidole,
nikampa chaki.